Ukitaka kumjua kima punju, anza na tumbo lake

Kila daladala ya Makunduchi ikifika msitu wa Jozani ikapunguza mwendo kwenye matuta utasikia mtu ndani anasema "hao kima hao", watu wawili watatu wanageuza shingo, halafu gari inashika mwendo na mazungumzo yanarudi kwenye bei ya mchele. Hakuna anaeshuka. Na mie nilikuwa hivo hivo mpaka nikawa mtu mzima. Nimezaliwa Unguja, bibi yangu mzaa mama alikuwa na shamba la minazi si mbali na Pete, na kima punju nilimjua kwa kumrushia mawe tu. Sasa ni miaka kadhaa kila nikipata nafasi naenda kukaa nao, na nataka nikueleze namna ya kwenda kumtazama vizuri, wewe mtu wa hapa hapa au ulokuja kutembea kutoka Dar, Tanga au Mombasa, ambae umeshajiambia kutazama wanyama ni mambo ya wageni. Huyu kima duniani kote hayupo isipokuwa Unguja na visiwa vyake vidogo, na wachache waliopelekwa Pemba kwenye msitu wa Ngezi mwaka 1974. Mtu anapanda ndege masaa kumi kuja kumuona, na sie tunapita mlangoni kwake na mifuko yetu ya sokoni. Linaniuma hilo.

Kitu ambacho hakuna alonambia mwanzo, nikapoteza siku nyingi, ni hichi: ukishalielewa tumbo la kima punju umeshamuelewa yeye mzima. Wapi utamkuta, saa ngapi anahangaika na saa ngapi amelala, kwa nini anaingia shambani, kwa nini usimpe ndizi, kwa nini anakula makaa (ndio, makaa ya kupikia, nitafika huko), yote yanaanzia tumboni.

Kwanza hakikisha ndie

Pale Jozani wapo kima aina mbili na mara nyingi utawakuta kwenye mti mmoja, wanatembea pamoja bila ugomvi, kwa hiyo mtu asiejua anarudi nyumbani anasema nimemuona kima punju kumbe kamuona mwenziwe. Yule mwengine tunamwita kima tu, wengine wanasema kima mweusi, ni wa kijivu kijivu na koo lake jeupe. Punju huwezi kumkosea ukishamuona uso kwa uso: mgongo mwekundu kama bati lilopata kutu, mabega na mikono inaingia weusi, tumbo na kifua cheupe, uso mweusi ila midomo na ncha ya pua ina rangi ya waridi kama mtu kapaka, na juu ya kichwa nywele nyeupe ndefu zimekaa ovyo ovyo kama kaamka sasa hivi. Mkia mrefu kushinda mwili, lakini hauna kazi ya kushika tawi, unamsaidia kuweka mizani tu anaporuka.

Alama nyengine ni mkono, na hii ndio naipenda. Kima punju hana kidole gumba, pale pahala pa gumba pana kinundu tu, vile vidole vinne virefu ndio vinapinda kama ndoano na kunasa tawi. Mtazame anavyovuta tawi la majani kuja mdomoni, hashiki kwa kubana kama sie, anakokota. Yule kima wa kawaida ana gumba lake na ana vifuko ndani ya mashavu anavyojaza chakula akakimbia nacho, punju hana vifuko hivyo, anachokula anakula pale pale alipo. Ukimuona kima kafura mashavu na anakimbia na kitu mkononi, basi huyo si punju.

Ndugu zetu wa bara wanawaita wote nyani, tafadhali. Nyani Unguja hayupo. Tumbili nae hayupo, yupo Pemba.

Tumbo lenyewe

Tumbo la kima punju limegawika vyumba vinne, mfano wa ng'ombe, na ndani yake wapo bakteria wanaochachua majani mpaka yakatoa chakula. Ndio maana anaweza kuishi kwa majani, kitu ambacho kima wengi hawawezi. Anapenda majani machanga, machipukizi, maua, mbegu, vikonyo vya majani, na matunda yakiwa mabichi. Tunda lilioiva halimfai kabisa. Ile sukari ikifika kwenye lile tumbo la kuchachua inachacha kwa kasi, gesi inajaa, asidi inapanda, na mnyama anaumwa. Kwa hiyo mtu anaempa kima punju ndizi mbivu anaona anamfanyia hisani na kumbe anamtilia maradhi tumboni.

Niliwahi kukuta watu wamesimama na gari pembeni ya barabara, baba anamnyooshea kima kipande cha ndizi kwa mkono huku mtoto anapiga video. Yule kima, jike dogo hivi, aliipokea, akainusa, akaigeuza, akaiwacha ikaanguka. Sekunde hiyo hiyo akashuka yule kima wa kijivu akaibeba na maganda yake. Nilimfuata yule baba nikamwambia kwa upole, baba yangu, huyu wa kwanza ndizi inamuua, na huyu wa pili ukimzoesha kesho ataingia jikoni kwa mtu. Alinielewa, akazirudisha ndizi garini. Watu wengi ukiwaambia sababu wanaelewa, shida yetu tunawapigia kelele tu "usimlishe" bila kusema kwa nini.

Sasa jani ni chakula kizito cha kusaga lakini chepesi cha nguvu, lazima ule mengi na ukae muda mrefu tumbo lifanye kazi. Hapo ndipo ratiba yake inapotoka. Asubuhi kuanzia jua linapochomoza mpaka kwenye saa nne wanakula kwa bidii, wanaruka mti kwa mti, utawasikia kabla hujawaona, matawi yanapiga kelele kama mtu anaangusha kuni. Jua likishakuwa kali, tuseme saa tano mpaka saa nane au tisa, wanatulia. Wanakaa kwenye tawi na tumbo limevimba mbele kama mpira, miguu inaning'inia, macho nusu yamefumba. Watu wanaofika saa sita wanasema "ah wamelala tu hawa". Hawajalala, wanachachua. Alasiri jua likipungua wanaanza tena mpaka magharibi.

Mie nakushauri nenda asubuhi kama unataka kuwaona wakiruka na kula, lakini kama unataka kuwajua wenyewe kwa wenyewe nenda mchana ule ule watu wanaoudharau. Ndio saa ya kuchambuana manyoya na watoto kucheza. Kundi moja linaweza kuwa na kima 30 mpaka 50, madume kadhaa na majike zaidi ya madume, na kitu kizuri ni kuwa madume wao wana udugu, wanakaa pamoja, wanachambuana manyoya, na likija la kulilinda kundi wanatoka pamoja. Nimewahi kutazama madume mawili, moja limelala kifudifudi juu ya tawi mikono inaning'inia huku na huku, jengine linampekua mgongo unywele kwa unywele, likipata kitu linakitia mdomoni. Ilichukua zaidi ya nusu saa. Halafu wakabadilishana.

Makaa

Hili ndilo nililoahidi. Kima punju wanaoishi karibu na mashamba wanakula makaa. Wanachukua kwenye visiki vilivyoungua, kwenye matanuu ya zamani ya kuchomea makaa, na hata karibu na majiko ya watu. Watafiti wakina Thomas Struhsaker waliliandika jambo hili mwaka 1997, na maelezo yake ni matamu. Huko mashambani majani yanayopatikana kwa wingi ni ya miembe na mikungu, majani yenye protini nzuri lakini yamejaa zile dawa za uchungu ambazo mti unajitilia ili usiliwe, mfano wa ule ukakasi unaobaki kinywani ukinywa chai ilopikwa ikapitiliza. Makaa yanashika ule uchungu na kupita nao, protini inabaki tumboni. Ni kazi ile ile ya mkaa wa dawa anaopewa mtu hospitali akila sumu.

Niliwaona kwa macho yangu asubuhi moja ya vuli, kwenye ardhi ya maweni nyuma ya mashamba, palikuwa na tanuu la zamani limebaki duara jeusi na majani yameshaanza kuota kati. Wakashuka kama sita saba, mmoja mmoja, wanatazama huku na huku kwa sababu chini hawana raha. Jike moja na mtoto kamganda tumboni akapekua jivu kwa vidole vyake vinne, akatoa kipande cha mkaa ukubwa wa kokwa ya embe, akakaa kitako akakitafuna taratibu kama mtu anakula muhogo wa kuchoma, midomo ile ya waridi imeshakuwa myeusi, na unga mweusi unamdondokea mtoto kichwani. Mtoto akanyoosha mkono akachukua kale kachenga kalokwama kwenye manyoya ya mama, akakatia mdomoni, akakatema, akakachukua tena. Hivyo ndivyo wanavyofundishana, mtoto anamuona mama. Nilikaa pale nimeziba pumzi. Kwa hiyo ukitembea na muongozaji ukaona duara jeusi la tanuu au gogo lilioungua karibu na miembe, usipite haraka, muombe msubiri kidogo.

Hilo jina

Neno punju maana yake sumu. Wazee walikuwa wanasema mti anaokula huyu kima unakufa, na mbwa akila nyama yake ananyonyoka manyoya, na kwa kuwa ana harufu yake kali kidogo ndio ikakamilika, wakamuona ni mnyama mbaya. Huko nje wamempa jina la Kirk, kwa ajili ya John Kirk, yule daktari alokuwa pia mwakilishi wa Uingereza hapa Zanzibar, na alielezwa kitaalamu mwaka 1868. Mie naona jina letu lina maana zaidi. Mnyama anaekula majani machungu ambayo wengine hawawezi, akajua na dawa yake, huyo ni fundi wa sumu kwelikweli.

Namna ya kufika na ya kukaa nao

Jozani iko kama kilomita 35 kutoka mjini. Gari za Makunduchi, Jambiani na Bwejuu zote zinapita mlangoni, mwambie utingo akushushe Jozani, hana haja ya maelezo. Chukua kitambulisho chako maana kiingilio cha mwananchi si sawa na cha mgeni. Sehemu ya pesa hizo inarudi vijijini, kwa hiyo usijaribu kukwepa ukawatazama kutokea barabarani. Muongozaji utampata pale pale, na nakuomba umsikilize, wengi wao ni watoto wa vijiji hivyo hivyo na wanayajua makundi moja moja. Mzee mmoja alonitembeza siku za mwanzo aliniona nahangaika na simu, nafuata kila kima anaetikisika, akanambia "mwanangu, kaa kitako, utawachosha na utajichosha". Nikakaa. Baada ya robo saa kundi lilinizunguka lenyewe, mtoto mmoja akawa anachezea tawi mita chache juu ya kichwa changu, wala hanijali.

Basi ndio njia yenyewe. Ukiwapata chagua pahala pa kukaa usiwazibie njia, hasa usikae kati ya mama na mti anaoelekea. Mie naacha mita tano au zaidi, wao wakija karibu narudi nyuma taratibu, maana wale wa upande wa mashamba wamezoea watu mpaka wanaweza kukupita ubavuni. Usimshike hata akikukaribia, usimkazie macho muda mrefu, usiwashe flashi, selfi ya kumgeuzia mgongo kima ukanyoosha mkono nyuma iwache. Kama una mafua au kikohozi ahirisha, au angalau vaa barakoa ukae mbali, maradhi yetu wanayapata na wao hawana duka la dawa. Chakula kibaki ndani ya mkoba. Vaa viatu vya kufunika, na masika maji yanatuama msituni mpaka kwenye vifundo vya miguu, mbu nao usiseme. Darubini ndogo ikiwepo ni neema, lakini bila nayo bado utaona vizuri.

Kama unataka kutoka na kitu kichwani zaidi ya picha, fanya hivi. Chukua daftari, kila baada ya dakika kumi tazama kima watano, andika kila mmoja anafanya nini sekunde ile ulipomtupia jicho: anakula, amekaa, anachambua mwenziwe, anacheza, anatembea. Ukikaa masaa matatu utashangaa ni mara ngapi umeandika "amekaa". Na akila jitahidi ujue anakula nini, muulize muongozaji jina la mti, andika na sehemu gani, jani changa, kikonyo, ua au tunda bichi. Ukirudi mwezi mwengine ulinganishe. Baada ya mvua mti ulokuwa mkavu unachipua, na kundi zima linahamia huko kama walioalikwa.

Kuwahesabu nako kuna ufundi wake. Wakiwa ndani ya miti usijaribu, utahesabu mmoja mara tatu. Subiri wanapovuka uwazi, njia au barabara, maana wanavuka kwa kufuatana, mmoja mmoja pale pale alipopita wa mbele, hapo unahesabu bila papara. Watafiti wa WCS, shirika la kuhifadhi wanyamapori, walizunguka kisiwa kizima na hesabu yao iliyochapishwa mwaka 2019 ilipata zaidi ya kima 5,800, karibu mara tatu ya walivyokuwa wanadhaniwa. Habari nzuri hiyo, lakini hao hao waliona kuwa watoto wengi hawafiki kukua. Na huyu mnyama anazaa mtoto mmoja kwa mimba moja, akizaa anamlea muda mrefu kabla ya mwengine, kwa hiyo kila mmoja anaekufa pengo lake linachelewa kuzibika.

Msitu ni zaidi ya msitu

Watu wanadhani kima punju ni wa ile miti mikubwa pale penye mlango tu. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ina kilomita za mraba 50 hivi, ilitangazwa mwaka 2004 na ndio hifadhi ya taifa ya kwanza Zanzibar, na ndani yake unapita mazingira tofauti kabisa kwa mwendo wa miguu. Kuna ule msitu wa maji wenye mitondoo mikubwa, michikichi na mikindu, giza na ubaridi, ardhi laini. Huko wamo lakini wako juu na hawaonekani kirahisi. Kuna maweni, ile ardhi ya mawe ya matumbawe, vichaka vifupi, jua kali, hakuna mto wala kisima, na kima wanaishi humo kwa maji yaliomo kwenye majani. Kuna mashamba ya pembeni yenye miembe na mikungu, na hapo ndipo utawaona kwa urahisi kuliko pote, wako chini chini na wamezoea. Halafu kuna mikoko.

Mikoko ndio ilonishangaza mie. Pale Pete kuna njia ya mbao inayokupitisha juu ya mikoko, nenda maji yakiwa yamejaa kisha urudi siku nyengine yakiwa yametoka, ni sehemu mbili tofauti. Kima wanaingia mikokoni na wanakula majani yake, na jani la mkoko lina chumvi. Sasa kima wa msituni hana habari na maji ya kunywa, lakini huyu wa mikokoni inabidi anywe, na watafiti waliokaa nao kule upande wa kisiwa cha Uzi wamewaona wakinywa mara kwa mara kwenye mashimo ya miti na mifuko ya mawe yaliotega maji ya mvua. Tumbo tena hilo.

Barabara

Hapa naomba unisikilize hasa kama unaendesha. Ile barabara ya lami imepita katikati ya njia zao. Miembe iko huku, msitu uko kule, lazima wavuke, na wanavuka asubuhi na jioni ambapo na sie tuna haraka. Matuta yalipowekwa vifo vilipungua sana, lakini havijesha. Wanaogongwa wengi utakuta ni wale waliokuwa nyuma ya mstari, kwa sababu dereva anaona watatu wamepita anadhani wamekwisha.

Nilikuwemo kwenye gari ya kukodi siku hiyo, tunatoka pwani jioni, dereva anaharakisha abiria wa ndege. Tuta la kwanza alipunguza, kati ya tuta na tuta akakanyaga mafuta. Nilimwambia kaka hapa pole pole. Kima wawili wakapita, wa tatu alikuwa jike. Sitaki kueleza zaidi kuliko hivi, kwamba tuliposimama lile kundi halikukimbia, walikaa juu ya miti wanatazama chini, na mmoja alishuka mpaka ukingoni akarudi, akashuka tena akarudi. Dereva alisema "kima tu huyo, twende". Mpaka leo nikipita pale nanyamaza.

Kwa hiyo ukimuona kima mmoja barabarani hesabu kuwa wapo ishirini nyuma yake. Simama kabisa, washa taa za hatari, usipige honi maana honi inawagawa, wa nyuma anababaika na kuruka vibaya. Subiri dakika mbili baada ya wa mwisho uliemuona. Na kama uko kwenye daladala mwambie dereva kwa sauti, na abiria wengine watakuunga mkono, nimejaribu.

Na shamba je?

Mkulima ana haki ya kulalamika, nisije nikaonekana natetea kima namsahau mtu. Bibi yangu Mungu amrehemu alikuwa anawaona wanachuma vidaka, yale makokwa madogo kabisa ya nazi, na akisema "mjukuu wangu, hawa wananila mie". Sie watoto tukitumwa na mawe. Miaka mingi baadae nikaja kujua kuwa Kirstin Siex na huyo huyo Struhsaker walikaa wakapima jambo hili mashambani karibu na Jozani, wakalichapisha mwaka 1999, wakakuta minazi ambayo kima walikula vidaka vyake haikutoa nazi chache, ilikuwa kinyume chake, mavuno yake yalikuwa mazuri zaidi. Mnazi wenyewe unaangusha vidaka vingi tu, na inaelekea kima anapunguza vile ambavyo havingefika, vilivyobaki vinapata nafasi ya kukua. Natamani bibi angeyasikia haya, angebisha kwanza halafu angeenda kuhesabu mwenyewe.

Kwa mboga na miche midogo hali ni nyengine, na mara nyingi anaefanya uharibifu ni yule kima wa kijivu na punju anabeba lawama. Kabla hujarusha jiwe mtazame mkono. Kama ana gumba na mashavu yamefura, kesi ni ya mwengine.

Ukishamaliza Jozani

Ngezi Pemba nenda kwa ajili ya msitu wenyewe, ni mzuri mno, lakini kima punju kule ni wachache usiweke tamaa. Masingini ni karibu na mjini, wapo waliohamishiwa huko zamani, wamejificha zaidi na inataka subira. Mie nikikuchagulia pa pili nitakwambia Uzi. Unatokea Unguja Ukuu, barabara ya mawe inapita katikati ya mikoko, na kima ukibahatika wanakutazama kutokea kulia na kushoto. Kule hakuna mlango wala ofisi ya kukupokea, ni kijiji cha watu, kwa hiyo ukifika anza kwa sheha, yule kiongozi wa serikali pale kijijini, salimia, sema umekuja kutazama kima, vaa nguo za heshima, na ukipewa kijana wa kukuongoza mlipe vizuri. Na kabla ya yote ulizia maji siku hiyo yanajaa saa ngapi, kwa sababu ile barabara bahari inaifunika, na ukichelewa kurudi utakaa upande wa pili na kima wako mpaka yatoke.